Kula Kikuba Miami: Mwongozo Kamili wa Mgahawa Mkongwe wa Mtaani

Mara yangu ya kwanza kuingia mgahawa wa Kikuba niliagiza sandwichi, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nimeisikia. Nikala, nikashiba, malalamiko sina. Shida ilikuwa meza ya pili. Wazee wawili walikuwa wamewekewa mbuzi wa mchuzi, wali mweupe, maharage meusi kwenye bakuli la pembeni na ndizi mbivu za kukaanga. Mimi, mtoto wa pwani, nimeshika mkate mkononi nanusa mbuzi wa watu. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: kwenye mgahawa mkongwe wa Kikuba kula cha siku, usikimbilie cha sifa. Mengine yote yaliyomo humu ni ya kukufikisha kwenye sahani hiyo bila kupunjwa, bila kuduwaa mbele ya menyu, na kwa asiyekula nguruwe, bila kula asichokusudia.

Nazungumzia Miami, Florida. Wakuba walianza kumiminika huko baada ya mapinduzi ya 1959. Kuanzia Desemba 1965 hadi 1973 kulikuwa na ndege za kuwachukua kutoka Varadero, na mwaka 1980 boti zilizotoka bandari ya Mariel zikaleta wengine wapatao 125,000. Watu hao walifika wakiwa wameacha nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao, ila mapishi hayapekuliwi forodhani. Migahawa mingi ya mtaani ya Little Havana, Hialeah na Westchester ilizaliwa hivyo, na mingine bado iko mikononi mwa familia zilezile.

Kabla ya kutoka nyumbani: angalia fulana uliyovaa

Sifanyi mzaha. Kwetu sura ya Che Guevara iko kwenye fulana, kwenye bajaji na kwenye vioo vya daladala, na kwa historia ya Afrika Mashariki si mgeni kabisa. Mwaka 1965 alipitia Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, na huko jina lake la siri lilikuwa namba ya Kiswahili: Tatu. Lakini kwa wengi utakaokaa nao kaunta Miami, huyo ni mtu wa serikali iliyomnyang'anya babu duka au iliyomfunga mjomba. Fidel Castro alipofariki Novemba 2016, watu walijaa barabarani mbele ya mgahawa wa Versailles usiku huohuo wakipiga masufuria kwa furaha. Kwa hiyo iache fulana kabatini. Wala usianzishe hadithi ya madaktari wa Kuba waliokuja kufanya kazi kwenu, hata kama walikutibu vizuri. Ukiulizwa unatoka wapi, sema. Siasa zikianza, wewe sikiliza tu, maana utajifunza mengi kuliko ukichangia.

Hatua ya 1: Utambue mgahawa wenyewe

Versailles iko Calle Ocho, yaani Mtaa wa 8 Kusini-Magharibi, tangu 1971. Ni kubwa, ina vioo ukutani kama jumba la kifalme, na wanasiasa wote wanaotafuta kura za Wakuba hupita pale kunywa kahawa mbele ya kamera. Nenda mara moja, uone. Hapa lakini nazungumzia mgahawa mdogo zaidi, ule ambao nusu ya wateja wanaitwa kwa majina yao.

Alama zake ni hizi. Ukutani upande wa barabara pana kidirisha cha kuuzia kahawa kinachoitwa ventanita, na mbele yake watu wamesimama wakibishana juu ya besiboli. Ndani pana kaunta ndefu yenye viti virefu visivyo na mgongo, na juu yake kabati la kioo lenye taa ambamo croquetas, vidonge vya kukaanga vya nyama au samaki, na maandazi ya guayaba, yaani mapera, hukaa yakiwa ya moto. Picha za Havana ya zamani zimepauka rangi. Menyu ni ya plastiki, ina lugha mbili, kisha juu yake imebanwa karatasi iliyochapwa asubuhi ile. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuleta. Ukiona saa sita mchana mafundi ujenzi, polisi, mabibi waliotoka kliniki na mwanasheria mwenye tai wamekaa kaunta moja, ingia.

Ukiona mtumbuiza ngoma mlangoni, watalii wamevaa kofia za majani na kinywaji kimewekewa mwavuli mdogo, pita taratibu kama hujaona kitu.

Hatua ya 2: Chagua saa, na hasa chagua siku

Migahawa hii huamka mapema, na mingine hufunga alasiri. Asubuhi ni ya mkate na kahawa ya maziwa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa sita hadi saa nane, na ukifika saa saba kamili utasubiri. Mimi hupenda kufika saa tano na nusu: sufuria zimeshaiva, watu bado hawajajaa, na mhudumu ana dakika mbili za kukueleza.

Siku ina uzito kuliko saa. Karatasi ile iliyobanwa juu ya menyu inaitwa especiales del día, na mara nyingi ina ratiba ya wiki: siku fulani mkia wa ng'ombe, siku fulani mbuzi, Ijumaa samaki au supu ya samaki, Jumapili wali wa kuku. Kila mgahawa una ratiba yake na wazee wa mtaa wameikariri kama ratiba ya swala. Vyakula hivi ndivyo vilivyopikwa asubuhi kwa sufuria kubwa, vimekaa vikakolea, na kwa kawaida ni rahisi kuliko vilivyo kwenye menyu ya kudumu. Piga simu asubuhi uulize, au ukienda mara ya kwanza piga picha ratiba. Mimi ya mgahawa ninaoupenda ninayo kwenye simu, na kuna mikutano niliyoihamisha kwa sababu ya Alhamisi.

Hatua ya 3: Anzia dirishani

Usiingie moja kwa moja. Simama kwenye ventanita kwanza, hata kama una njaa. Aliyekulia karibu na muuza kahawa wa Kariakoo au baraza la Mji Mkongwe atapaelewa papo hapo: vikombe vidogo, watu wamesimama, habari zote za mji zinapita pale kabla ya kufika redioni. Tofauti ni sukari. Kahawa yetu chungu huja na kashata pembeni, ya Wakuba imeshaimeza kashata yake.

Majina ni manne, na ukiyajua haya umemaliza nusu ya kazi.

Cafecito, au café cubano, ni kikombe kimoja kidogo cha kahawa nzito. Mpishi huchukua matone ya kwanza yanayotoka mashineni, ambayo ndiyo mazito zaidi, akayamwaga juu ya sukari na kuipiga kwa kijiko kwa nguvu mpaka igeuke krimu ya rangi ya mchanga. Kahawa iliyobaki humwagwa juu yake, na ile krimu hupanda ikawa povu linaloitwa espumita. Povu likikosekana, wazee hurudisha kikombe. Kwa kuwa sukari imepigwa ndani, ukitaka bila sukari sema wakati wa kuagiza, sin azúcar. Ukishaletewa, hiyo sukari haitoki tena.

Colada ni kahawa hiyohiyo lakini nyingi, kwenye kikombe kimoja kikubwa kiasi, pamoja na vikombe vidogo vya plastiki vya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya dawa. Hii si ya mtu mmoja. Ni ya kugawana: unanunua moja, unarudi nayo kazini, unamimina kwa kila mtu. Nimemwona mgeni akiinywa peke yake yote kwa mrija. Wazee hawakusema neno, walimtazama tu kama watu wanaomtazama anayekula sinia la wali la arusi peke yake.

Cortadito ni cafecito iliyokatwa kwa maziwa kidogo ya moto. Omba ya maziwa ya kopo yasiyo na sukari, con leche evaporada, kama umekulia chai ya maziwa ya kopo na una hamu ya ladha ile.

Café con leche ni kikombe kikubwa cha maziwa ya moto kinachotiwa kahawa. Hii ni ya asubuhi, na mwenzake ni tostada: mkate mrefu wa Kikuba uliopasuliwa, ukapakwa siagi, ukabanwa kwenye bamba la moto mpaka ukawa bapa. Unakata kipande, unakichovya kikombeni, unakula. Hakuna haja ya kuona haya, hata mwanasheria mwenye tai anachovya.

Miami ina desturi ya mapumziko ya kahawa saa tisa na dakika tano alasiri. Kwa saa zao ni 3:05, na 305 ndiyo namba ya simu ya eneo la Miami. Mzaha huo hufa ukiupeleka kwenye saa zetu, ila kahawa haiharibiki.

Hatua ya 4: Keti kaunta, na usiogope lugha

Ukiwa peke yako au na mwenzio mmoja, keti kaunta. Meza ni za familia, na kaunta ndipo unapoona kinachotoka jikoni, ukaweza kumwonyeshea mhudumu kwa macho: kile, kama cha yule bwana.

Kihispania cha kwenye menyu ni rahisi kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa Mmarekani, kwa sababu irabu ni zetu zilezile. Soma a, e, i, o, u kama unavyosoma Kiswahili na utaeleweka. Kumbuka tofauti chache tu: j ni h nzito, kwa hiyo jamón ni hamon, ll ni y, basi pollo ni poyo, ñ ni ny ya nyama, qu ni k, h haitamkwi, z husomwa s. Usishangae ukisikia s za mwisho zimepotea, Wakuba huzimeza.

Katika kuagiza, Mkuba husema dame, yaani nipe. Kwa sikio letu lililozoea naomba, inakwaruza kidogo, lakini pale si utovu wa adabu. Ukiongeza por favor mwishoni umekuwa mstaarabu kupita kiasi. Mhudumu naye, hasa mama wa makamo, atakuita mi amor, mi vida, au mijo. Usijenge hoja. Ni kama mama ntilie anavyomwita kila mtu mwanangu. Kijana aliyedhani anapendwa kwa sababu ya mi amor moja amesababisha vicheko vingi kaunta.

Maneno mengine ya kutosha: ¿qué hay hoy? ni leo kuna nini. Para llevar ni ya kubeba. La cuenta ni bili. Na en vez de ni badala ya, neno ambalo utalihitaji sana katika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Jenga sahani

Hapa ndipo penyewe. Sahani ya Kikuba ina nguzo nne: kitoweo, wali, maharage meusi na ndizi. Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kufumba macho akala bila kuhisi ugenini. Tofauti ya kwanza ni viungo. Msingi ni kitunguu, pilipili hoho, kitunguu saumu, bizari nyembamba, oregano na jani la bei, vyote vikikaangwa polepole katika mafuta. Uchachu hutoka kwa danzi, na Wakuba hulipenda danzi kama Wazanzibari. Pilipili kali haimo. Narudia, haimo. Wakuba hawali pilipili, na chupa ya picante utakayoletewa ukiiomba ni ya kusikitisha. Nina rafiki wa Tanga anayetembea na kichupa chake mfukoni, na siku hizi mhudumu mmoja humwomba amwonjeshe.

Anza na kitoweo. Kama karatasi ya siku ina chilindrón de chivo, usisome zaidi: ni mbuzi aliyepikwa kwa nyanya na pilipili hoho mpaka mfupa unaachia wenyewe. Rabo encendido ni mkia wa ng'ombe katika mchuzi mzito, na jina lake linamaanisha mkia uliowashwa moto ingawa kwa ulimi wetu haujawashwa hata kibiriti. Fricasé de pollo ni kuku wa mchuzi na viazi, wa kuaminika siku zote.

Katika menyu ya kudumu, ropa vieja ndiyo maarufu. Jina lake ni nguo kuukuu, kwa kuwa nyama ya ng'ombe huchemshwa mpaka inachambuka nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochakaa, kisha ikapikwa katika mchuzi wa nyanya. Nzuri, ila mimi humwambia kila mtu ajaribu ndugu yake, vaca frita. Ni nyama ileile ya kuchambua, lakini badala ya mchuzi hutiwa kitunguu saumu na ndimu ikabanikwa kwenye bamba mpaka kingo zinakauka na kuwa nyeusi kidogo, na juu yake vitunguu. Anayegombania sehemu zilizoungua za nyama choma amefika kwao. Picadillo ni kima iliyopikwa na zeituni, na wakati mwingine zabibu kavu. Arroz con pollo ni wali wa kuku wa manjano, laini na wenye unyevu. Usiufikirie pilau hata kidogo, utaumia moyo.

Wali na maharage huja kwa njia mbili. Ya kwanza, wali mweupe na maharage meusi kwenye bakuli lake. Ya pili, moros, vikiwa vimepikwa pamoja. Jina kamili ni moros y cristianos, Wamori na Wakristo, utani wa tangu vita vya Hispania: maharage ndio Wamori, wali ndio Wakristo, na sufuriani wamelazimika kukaa pamoja. Ukiona congrí, kwa Wakuba wengi huo ni wali uliopikwa pamoja na maharage mekundu. Ushauri wangu ni huu: kitoweo kikavu kama vaca frita kinataka wali mweupe na maharage yenye rojo, ili uwe na kitu cha kumwagia. Kitoweo chenye mchuzi wake kinakaa vizuri na moros. Mhudumu atakuletea chochote, lakini michuzi miwili kwenye sahani moja hugombana.

Ndizi nazo ni mbili. Maduros ni ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, zikakaangwa zikawa tamu na laini. Tostones ni ndizi mbichi, kama mzuzu, zilizokatwa vipande vinene, zikakaangwa, zikapondwa bapa, zikakaangwa tena. Chukua maduros na nyama yenye chumvi. Chukua tostones kama utaletewa mojo ya kuchovea, yaani kitunguu saumu na danzi katika mafuta ya moto.

Kisha kuna muhogo. Yuca con mojo ni muhogo uliochemshwa mpaka umepasuka, ukamwagiwa mojo. Sisi tumeuzoea muhogo hata tunausahau, na wengi hawajui kwamba ulivuka bahari kutoka upande ule kuja kwetu kwa merikebu za Wareno. Wenyeji wa Kuba walikuwa wakiulima kabla Mzungu hajafika. Upande wa pili, waliosafirishwa kwa pingu kutoka Afrika walipeleka vyao. Ukikuta quimbombó, ni bamia, na jina lake limetoka kwa Kimbundu cha Angola, kingombo. Mara ya kwanza kulitamka mbele ya mhudumu nililitamka kibantu, akanielewa mara moja.

Sahani ni kubwa kupita kiasi. Watu wawili wenye njaa ya kawaida wanaweza kushiriki kitoweo kimoja na kuongeza sahani moja ya wali. Hakuna atakayekuangalia vibaya.

Hatua ya 6: Kama huli nguruwe

Wengi wetu tunaosoma haya hatuli nguruwe, na mapishi ya Kikuba yamejaa nguruwe mpaka kwenye pembe usizozitarajia. Kuuliza kama chakula ni halali hakusaidii, kwani mhudumu wa mtaani huenda hajawahi kuulizwa. Uliza kwa kiungo. Swali ni ¿lleva puerco?, je, kina nguruwe? Kisha ¿lleva manteca?, je, kina mafuta ya nguruwe? Ukiuliza moja tu utapewa jibu la kweli lisilokusaidia.

Majina ya kuyakwepa kwenye menyu: puerco, cerdo, lechón, masitas, jamón, tocino, chorizo, chicharrón. Hayo yako wazi. Yasiyo wazi ndiyo hatari. Mkate wa Kikuba wa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo ile tostada niliyoisifia huenda si yako. Croquetas zilizo nyingi ni za jamón, ingawa za kuku na za samaki zipo. Maharage meusi katika jiko moja ni mboga tupu, katika jingine yana kipande cha nguruwe chini ya sufuria. Moros mara nyingi hutiwa tocino. Tamal, unga wa mahindi uliofungwa kwenye ganda la hindi, kwa kawaida una vipande vya nguruwe ndani. Caldo gallego, supu ya maharage meupe, ni nguruwe mwanzo mwisho. Mojo ya muhogo wengine huichemshia manteca. Bamba la kubanikia hutumika kwa vyote, na karai la mafuta vilevile.

Tena kuna divai. Vino seco, divai ya kupikia, huingia kwenye ropa vieja, kwenye picadillo, kwenye fricasé. Wali wa kuku mara nyingi hutiwa bia. Na nyama yenyewe haikuchinjwa kwa namna yetu.

Basi Muislamu anayejichunga afanyeje? Kwanza, kahawa haina shaka, na kijiwe cha dirishani ni nusu ya raha yote. Pili, samaki: samaki mzima wa kukaanga, pescado frito, ukiuliza kuhusu mafuta. Tatu, mayai, wali mweupe ukishauliza manteca, ndizi, parachichi na vitunguu, ensalada de aguacate. Kamba wa enchilado wako katika mchuzi wa nyanya, ila uliza vino. Nimeshamwona mhudumu akiingia jikoni mwenyewe kumuuliza mpishi, akatoka na orodha ya vitu vitatu vilivyo salama. Wakuba wanaheshimu mtu anayejali chakula chake. Wasichoelewa ni mtu anayesema hana njaa.

Hatua ya 7: Sandwichi, kama huwezi kujizuia

Haya. Cubano ni nguruwe wa kuchoma, jamón, jibini ya Uswisi, achari ya tango na haradali, ndani ya mkate wa Kikuba uliobanwa kwa bamba la moto. Tampa, mji mwingine wa Florida wenye Wakuba wa tangu enzi za viwanda vya sigara, huongeza salami, na miji hiyo miwili imegombana juu ya salami miaka yote. Ukiwa Miami usiitaje. Medianoche, usiku wa manane, ina vitu vilevile katika mkate laini mtamu wa mayai. Asiyekula nguruwe huambiwa achukue pan con bistec, nyama nyembamba ya ng'ombe na vitunguu, na vijiti vya viazi vya kukaanga vikiwa ndani ya mkate wenyewe, ila arudi kwanza hatua ya 6 asome habari ya mkate na bamba.

Elena Ruz ni nyama ya batamzinga, jibini laini na jamu ya stroberi. Inasikika kama kosa la jikoni. Si kosa.

Hatua ya 8: Vinywaji na vitamu

Juisi ya miwa huitwa guarapo, na ni ileile ya Forodhani, ila bila tangawizi. Batido ni maziwa yaliyosagwa na tunda au nafaka: jaribu mamey, tunda la rangi ya matofali lisilofanana na lolote letu. Soda za kujaribu ni Materva, Jupiña ya nanasi na Ironbeer. Mwisho wa chakula agiza flan, kastadi ya mayai na maziwa yenye karameli, au arroz con leche, wali wa maziwa wenye mdalasini. Baada ya hapo cafecito nyingine, ndogo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 9: Bili

Soma bili kabla ya kutoa pochi. Bei za menyu hazijajumlisha kodi ya mauzo, ambayo Miami ni asilimia 7, na sehemu nyingine za ufukweni huongeza. Kisha kuna bakshishi. Marekani hiyo si hisani, ni sehemu kubwa ya mshahara wa mhudumu: asilimia 15 ukiwa na haraka, 20 ukiwa umehudumiwa vizuri. Lakini Miami, hasa kwenye maeneo ya wageni, migahawa mingi huiweka ndani ya bili yenyewe, imeandikwa propina au service charge, na chini yake wakaacha nafasi tupu ya kuongeza. Mimi nimelipa mara mbili namna hiyo, si mara moja. Kwenye kaunta za mtaani mara nyingi haimo, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Dirishani acha sarafu au dola moja. Beba pesa taslimu, kwani mingine ya zamani haipendi kadi.

Kinachobaki omba kisanduku. Maharage meusi na ropa vieja huwa vitamu zaidi kesho yake ukivipasha taratibu kwa maji kidogo, na maduros hupona kwenye kikaango kikavu. Tostones usizifungashe. Zikipoa zinakuwa mbao, kwa hiyo zimalize palepale, hata kama umeshiba.